Gari Lisilo na Kijiti

Nilifika Singida nikiwa na damu iliyokauka juu ya jicho la kushoto, baada ya siku tatu kwenye lori la mbao lililotoka Tunduma. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili. Nimetengeneza magari Makambako, Masasi, Kahama, na Tunduma yenyewe, na kila mahali watu walipoanza kunizoea, miguu iliniwasha. Mama alipofariki, dada yangu alinitafuta siku nne kwa namba za simu nilizokwisha kuzitupa. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kutitia. Dada hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Safari hii kakae mahali ambapo mtu akikuita, utaitika."

Nilimwapia. Ndiyo maana nikapanda lile lori. Nilikuwa nakwenda Mwanza, nikae huko moja kwa moja. Singida haikuwamo.

Dereva wetu aliamini kwamba honi ni breki. Tulifika Kintinku alasiri, jua likiwa usoni, na kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Akapiga honi. Ng'ombe hawajui honi. Wa kwanza alirushwa mtaroni, wa pili akaingia chini ya bampa na tukamburuta mpaka lori liliposimama lenyewe. Alikuwa bado hai na analia, na mlio wake ulifanana sana na wa difu ya gari iliyokauka mafuta. Nasema hivyo bila mzaha. Masikio yangu ndivyo yalivyo.

Wenye ng'ombe walikuja na fimbo. Kioo cha mbele kilivunjwa kwa mapigo mawili. Walitushusha wote, na dereva, alipoona fimbo ya kwanza inapanda, alininyooshea kidole. "Huyo ndiye mwenye mzigo! Ndiye aliyekuwa ananiharakisha!" Fimbo ikageuka njiani na kutua juu ya jicho langu. Nilipiga magoti. Sikuwachukia waliopiga, ng'ombe wao alikuwa bado analia. Nilimchukia mwenye kidole. Mambo yalipatanishwa kwa simu na tajiri wa lori, na tukalala Manyoni bila kusemezana.

Kesho yake, tulipoiacha Manyoni nyuma, nikaanza kusikia kitu kinagonga chini ya sakafu kila dereva alipoachia mafuta na kukanyaga tena. Ko. Ko. Nikavunja ukimya.

"Krosi ya propela imekwisha. Simama uitazame."

"Wewe si umepigwa kichwani jana? Utasikia mengi."

Tulipoipita Ikungi propela ilikatika pale pale kwenye krosi, kiungo chake. Chuma kirefu kama mtu mzima kikawa kinazunguka chini yetu kikipiga kila kilichokikuta: sakafu, bomba la moshi, mtungi wa upepo wa breki. Sakafu ilivimba kati ya miguu yangu. Lori liliyumba, likapanda tuta, likasimama limeinama. Tulivutwa mpaka gereji moja ya Utemini, Singida mjini, na fundi mkuu wa pale, mzee mnene mwenye mikono mifupi, alipoingia uvunguni na kutoka, aliuliza swali moja tu.

"Hakuna aliyesikia?"

Utingo akanionyesha. "Huyu alisikia. Alisema krosi."

Fundi mkuu alinitazama jicho langu lililovimba. "Mwenye masikio kama hayo anafanya nini juu ya mbao?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Wiki hiyo hiyo nilimpigia dada na kumwambia niko Singida, nipo, aniite wakati wowote.

Fundi mkuu alikuwa amenizidi miaka kumi na tano hivi, na shikamoo aliitaka kila asubuhi, kutoka kwa kila mmoja wetu, kabla spana haijashikwa. Ukichelewa kuitoa, siku yako imeharibika. Alikuwa fundi kweli. Alichovya kidole kwenye mafuta ya gia boksi, akayasugua kati ya kidole na gumba, na kwa chembe alizozihisi akajua kilichosagika. Aliweka nondo kwenye difu, ncha nyingine sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mdomo. Nilimwona akimpiga mchomeleaji kwa mpini wa nyundo kwa sababu alicheka wakati yeye anaongea na mteja. Mtu mzima, mwenye watoto, alipigwa mgongoni mpaka akakaa chini, na baadaye akasimama akaomba radhi. Watu pale waliona ni kawaida. Mkubwa ni mkubwa, walisema.

Niliyeshikamana naye alikuwa fundi wa rika langu, Mnyiramba kutoka Nduguti, mtu wa maneno. Alikuja mjini kwa ajili ya spana, lakini vitunguu vyake na mama yake vilikuwa Nduguti, na kila mwisho wa mwezi alikwenda huko. Aliniita Mgeni, hata baada ya mwaka.

"Mgeni, wewe hata ukizikwa utatoka kaburini kutafuta lifti."

"Safari hii nakaa."

"Utakaa wapi? Kwenye tairi?"

Hakuishia kwenye mzaha. Alinipeleka Nduguti, akanionyesha kipande cha ardhi kando ya shamba lake, akamwambia mama yake, "Huyu atajenga hapa, tuwe tunasikia akikoroma." Tulipima kwa hatua, tukachomeka vijiti vinne kwenye pembe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilikuwa na pembe nne. Nilimpigia dada hapo hapo, nimesimama katikati ya vijiti. Akacheka, akasema siku nikiweka bati atakuja.

Mwaka wa pili, mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini alileta gari lake. Ukoo wake ulikuja kutoka India siku za babu yake, na yeye mwenyewe kazaliwa Singida. Wateja wake wa kijijini aliwasalimia kwa Kinyaturu kabla hajapima kitambaa. Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, la gia za oto. Alieleza vizuri kuliko mafundi wengi: likienda moja kwa moja halina shida. Likikata kona kali, pale kwenye maegesho ya duka, linakaza, linashtuka, kama linavuta jiwe. Na siku hizi linanuka kuungua.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nibadilishe matairi ya nyuma."

Nilichukua kamba, nikaizungusha tairi la mbele, nikafunga fundo. Nikaizungusha la nyuma, fundo jingine. Kati ya mafundo mawili kulikuwa na upana wa vidole vitatu: la nyuma lilikuwa dogo. Kisha nikainua gurudumu moja la mbele, nikaweka gia huru, nikajaribu kulizungusha kwa mikono. Lilipaswa kuzunguka, hata kwa uzito. Halikusogea. Lilikuwa kama limechomelewa.

Hapa lazima nieleze neno moja, maana yote yalitokana nalo. Pale gereji tulikuwa na neno fowili. Fowili ni gari lenye kijiti cha pili pembeni ya gia. Ukikivuta, magurudumu yote manne yanavuta. Ukikirudisha, yanavuta mawili. Hakuna kijiti, hakuna fowili. Hivyo ndivyo fundi mkuu alivyofundishwa, na malori na magari ya serikali aliyokulia nayo hayakuwahi kumpinga. Lakini Tunduma nilikuwa nimeyafungua magari madogo ambayo fowili yake imo ndani kwa ndani. Katikati ya propela kuna kopo lililozibwa, lenye mafuta mazito, ambalo lenyewe huamua ni wakati gani wa kuyapa nguvu magurudumu ya nyuma. Dereva anaweza kulimiliki gari miaka kumi asijue. Ukiliwekea matairi madogo nyuma na makubwa mbele, lile kopo halipumziki, linaungua, linaganda, na kuanzia hapo gari ni fowili saa zote, litake lisitake.

Nilimwendea fundi mkuu mama akiwa amekaa kwenye benchi, hatua tatu tu kutoka tulipokuwa.

"Mzee, gia boksi haina shida. Hili ni fowili, na imeganda. Tatizo ni matairi. Na tusiliinue upande mmoja tukaweka gia. Litaruka."

Alifungua mlango wa gari, akatazama ndani, akatazama tena.

"Kijiti kiko wapi?"

"Hakina kijiti, mzee. Hili linajiweka lenyewe."

"Linajiweka lenyewe." Akawageukia wenzangu. "Mmesikia? Gari la Mgeni lina akili, linajiweka lenyewe! Labda na shikamoo linatoa."

Walicheka. Hata mwenzangu wa Nduguti alicheka. Nami nikafanya kosa la kurudia. Nikamwonyesha kamba na mafundo yake, mbele ya mteja, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto. Spana namba ishirini na nne ilinipata kwenye mtulinga. Nilisikia mfupa ukiitika mpaka kwenye meno. Ya pili ilinipata kwenye kiwiko nilichoinua.

"Usimpige mtu mbele yangu!" mama akasimama, mkoba ukamwanguka. "Gari ni langu. Mwache aseme."

"Mama, rudi kesho," fundi mkuu akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Tutaisikiliza gia boksi yako."

Kesho yake mkono wangu wa kushoto haukupanda juu ya bega. Nilitoa shikamoo. Aliitikia marahaba kama hakuna kilichotokea. Mama alikuwa amekwisha fika, amekaa benchi lile lile. Fundi mkuu aliinua mbele ya gari kwa jeki mbili, magurudumu ya mbele yakaning'inia, ya nyuma yakabaki chini. Aliweka mawe mawili madogo mbele ya hayo ya nyuma, kwa desturi tu, kama mtu anavyosema bismillahi. Akaniambia nikae kwenye usukani, kwa kuwa sikuwa na mkono wa kazi nyingine. Mwenzangu wa Nduguti alisimama pembeni, kwenye mlango wa abiria, ameshika nondo ya kusikilizia.

"Washa."

Niliwasha.

"Weka gia ya mbele. Mpe mafuta, tulisikie."

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu. "Vipi, Mgeni? Unaliogopa? Au linasubiri kujiweka lenyewe?"

Nimeyasimulia haya kwa watu wengi, barabarani, na mara nyingi huwa naishia kwenye heshima: mkubwa hasahihishwi mara mbili mbele ya mteja, nami nilikuwa nimepigwa kwa hilo. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka liruke. Nililiona kichwani: gari linaanguka kutoka kwenye jeki, linamvunjia ukuta wake, na yeye amesimama mdomo wazi mbele ya yule mama. Mtulinga ulikuwa unapiga kama moyo wa pili. Niliweka gia. Nikampa mafuta, na si kidogo.

Sikumwona mwenzangu alipohama. Kutoka pembeni huisikii gia boksi vizuri. Alijua kazi yake, akazunguka mbele, akapiga goti, akapitisha nondo chini ya bampa. Boneti lilimficha.

Magurudumu ya nyuma yaliruka yale mawe. Jeki zililala zote mbili kwa wakati mmoja, pua ya gari ikaanguka, na magurudumu ya mbele yaliyokuwa yanazunguka hewani yakaikamata ardhi. Gari lilienda hatua nne kabla sijaifikia breki. Kwenye hatua ya pili nilisikia nondo ikipinda. Kwenye ya tatu nilisikia kitu ambacho hakikuwa chuma. Kisha pipa la mafuta machafu, kisha ukuta. Kisha sauti yake, nami nikakumbuka Kintinku.

Tulilinyanyua gari kwa mikono, watu wanane, sijui walitoka wapi. Mguu wa kulia ulikuwa kati ya pipa na bampa, chini ya goti hapakuwa na umbo. Mafuta machafu yalimwagika yakachanganyika na damu, na upepo ukayapulizia vumbi juu. Alikuwa ananiita. "Mgeni, nitoe. Mgeni." Nilimkamata kwapani kwa mkono mmoja unaofanya kazi, nikamvuta.

Alipopakiwa kupelekwa hospitali, fundi mkuu alikuwa amepata sauti yake. Alininyooshea kidole. Nilikwisha kukijua kidole kile.

"Ni huyu! Alikanyaga mafuta kama mwehu! Mgeni huyu!"

Watu wa bodaboda, wa saluni, wapita njia. Ngumi ya kwanza ilinipata sikioni. Nilianguka kwenye yale mafuta, na kuanzia hapo nakumbuka viatu tu. Kandambili moja ya bluu ilinikanyaga uso mara nyingi kuliko nyingine zote. Mtu alisema, "Leteni tairi," nami, Mungu anisamehe, nikajiuliza ni la mbele au la nyuma.

Mama wa vitambaa aliingia katikati yao. Mwanamke mfupi, wa miaka zaidi ya sitini, alinilalia juu na mkoba wake.

"Mwacheni! Jana alisema! Alisema gari litaruka, huyu mzee wenu akampiga spana kwa kusema! Nilikuwa hapa! Mtanipiga na mimi?"

Hawakuweza kumpiga mama. Mmoja mmoja wakarudi nyuma. Nipo hai kwa maneno hayo.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilikwenda hospitalini kila siku, nikamwoshea mwenzangu mgongo, nikamnywesha uji. Fundi mkuu alipopita mara moja kumjulia hali na kusema tena habari ya mafuta niliyokanyaga, nilimfuata nje nikampiga kichwa cha uso. Alipoteza meno mawili, akakaa kwenye ngazi ameshika mdomo, nami sikupata nafuu yoyote. Niliporudi kitandani, mwenzangu alisema, "Mwache, mzee amechanganyikiwa. Jeki zilikuwa mbovu. Wewe uliambiwa weka, ukaweka." Akacheka kidogo. "Sasa na mimi siendi popote. Tutakaa wote Nduguti." Alisema vijiti bado vipo, kamwuliza mama yake kwa simu.

Nilinyamaza. Siku kumi na mbili nilinyamaza.

Siku ya kumi na tatu mama wa vitambaa alikuja na machungwa. Alitaka kunisaidia, najua. Alikaa kando ya kitanda akamwambia, "Huyu mwenzako usimlaumu, mwanangu. Siku moja kabla alisema wazi gari litaruka. Alijua kila kitu."

Mwenzangu alilitazama chungwa alilokuwa ameshika. Mama alipoondoka, hakupandisha sauti.

"Mimi siku ile nilicheka. Nilidhani unabahatisha. Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaweka."

"Nikaweka."

Akageukia ukutani. Kesho yake nilipofika na uji, ndugu zake walikuwa mlangoni, wakaniambia nisiingie. Wiki ile walimrudisha Nduguti.

Nilikaa Utemini mwezi mzima bila kazi. Kisha nikapanda gari la asubuhi kwenda Nduguti. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, magongo mawili mapajani, mama yake anawasha moto. Nilimwamkia mama. Aliitikia.

"Umekuja kusema nini?" mwenzangu akauliza.

"Sikuogopa kusema. Nilitaka liruke. Nilitaka fundi aaibike. Sikukuona ulipo."

Alisimama kwa mguu mmoja, akaegemea ukuta, akanipiga na gongo. Kichwani, begani, kwenye mtulinga ambao haujaunga vizuri. Alipiga huku analia, na nilijitahidi nisiinue mkono. Pigo la tano au la sita lilimwangusha yeye mwenyewe. Nilitaka kumwinua.

"Usiniguse!"

Mama yake hakugeuka kutoka kwenye moto. "Ukimaliza kumpiga, mwambie asubiri ale."

Alikaa chini kwenye vumbi akihema. Baada ya muda akaelekeza gongo upande wa shamba. "Nenda kang'oe vijiti vyako. Siwezi kuviona kila nikitoka nje."

Nilikwenda. Kimoja kilikuwa kimeanza kuchipua, kikatoka kwa shida. Niliporudi navyo vinne, mama alinyoosha mkono, akavivunja kwenye goti akavitia chini ya chungu. Kile kibichi kilitoa moshi mwingi. Ugali wa uwele ulioivia moto ule niliula wote, kwa mlenda, na damu inanidondoka sikioni. Nikanawa. Nikashukuru. Nikaaga, na mama akaitikia peke yake.

Barabarani nilipata lori la vitunguu, nikapanda juu ya magunia. Hatujafika mbali simu ikaita. Dada.

"Uko wapi? Kuna upepo."

Niliitika. Nikamwambia gia boksi ya lori hili inaguna kwenye gia ya tatu, na dereva bado hajasikia.